Nilimwahidi Dada Simu, Sikupiga

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie, maana jambo hili nimelibeba mpaka limenishinda. Mimi ni mpokea simu katika kampuni ya vioo na madirisha, na siku yangu ya kwanza kazini bosi alinifundisha kwamba mteja yeyote ambaye sina jibu lake nimwambie kwa Kiingereza, kwa sauti laini, "I will get back to you," halafu nikate, na kwa miaka sita nimelisema neno hilo mara nyingi kuliko salamu, na nakiri kwamba wengi wao sikuwatafuta tena. Sasa dada yangu, fundi cherehani, ambaye ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, alianza kuona ukungu jicho la kushoto, akapewa siku ya kliniki ya macho, na kule wanakutia dawa ambayo kwa saa kadhaa huoni vizuri, kwa hiyo wanataka uende na mtu wa kukushika mkono. Akanipigia ofisini. "Mdogo wangu, Alhamisi utanisindikiza?" Wateja wawili walikuwa wamesimama mbele yangu na simu nyingine inalia, nikamjibu kama ninavyowajibu wao, kwa Kiingereza kilekile na sauti ileile, nikakata. Nikasahau, mshauri, sitakudanganya.

Dada Kiingereza hakijui sana, akamuuliza jirani yake, mwalimu mstaafu, naye akamfafanulia kwamba mtu akikwambia hivyo usihangaike, atakutafuta mwenyewe. Basi Alhamisi dada alioga mapema, akavaa, akakaa na kadi yake mkononi akisubiri simu yangu mpaka kliniki ikafungwa. Akapangiwa siku nyingine baada ya miezi minne. Alipofika, daktari akamwambia ni presha ya macho, jicho la kushoto limeshazima na halirudi, la kulia bado linaweza kuokolewa. Haya nimeyasikia kwa mwalimu, kwa sababu dada mwenyewe aliniambia tu, "Usijali, najua una kazi nyingi." Mwezi ujao ana kliniki tena, na hakuniambia, kamuomba mwalimu. Naumia nikimwona anavyopapasa tundu la sindano. Je, nimweleze kwamba ofisini neno lile ni namna ya kumaliza mazungumzo tu, asidhani nilimwahidi?

Mimi, mdogo mtu mwenye majuto.

*

Mdogo mtu, pole. Najua barua hii haikuwa rahisi kuiandika, na ningekubembeleza kidogo zaidi kama swali lako la mwisho lisingeniudhi.

Usithubutu kumweleza hivyo. Mwalimu alitafsiri sawasawa. Maana yake ni "nitakutafuta," na anayelitamka ameahidi, awe ofisini au jikoni. Hata ungesema "nitakupigia" kwa Kiswahili safi ungesahau vilevile, na dada angesubiri vilevile. Kiingereza kiache, hakina kosa. Wewe ulimjibu aliyekulea kama mtu aliyekosea namba.

Lakini usijitwike yote. Presha ya macho hula kimya kimya, na Alhamisi moja ingeokoa kiasi gani hata mimi sijui. Hilo muulize daktari, usimuulize dada.

Sasa, Jumamosi hii nenda kwake kwa miguu yako, simu iache mfukoni. Mwambie, "Dada, nilikuahidi, nikasahau. Nisamehe." Kisha nyamaza. Akikwambia usijali, usishukuru haraka ukakimbia. Kaa, mtilie uzi kwenye sindano za wiki nzima. Muulize tarehe ya kliniki na uombe ruhusa kazini mapema, kwa maandishi. Na wewe upimwe pia, maana ugonjwa huu hupenda kutembea katika familia.

Akisema mwalimu ndiye atakayemsindikiza, usibishane wala usinune. Nafasi ya kumshika mkono uliipoteza, na huenda asikupe tena. Wewe nenda tu. Keti upande wake wa kushoto, umwambie kwamba upo, maana hatakuona.