Ulichora Mbele ya Watu

Mdogo wangu Akinyi,

Huko ng'ambo uliko, sijui kama kuna anayekujua ulivyokuwa. Mimi nakujua. Chuo kilipofungwa kwa sababu ya migomo, miaka ile ya themanini, ulirudi kwetu Pap Onditi na michoro yako ya majengo ukaiteka meza yetu ya pekee. Ulinawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa karatasi. Ukikosea, ulikwangua wino kwa wembe, taratibu, ulimi nje. Mama alifukuza kuku barazani akisema, "Kimya! Nyathina, mtoto wangu, anasoma." Sisi tulikula sahani magotini, na aki tulifurahi.

Kisha ukawa wa kwanza darasani, msichana katikati ya wanaume, na mwalimu akakuuliza mbele ya wote, "Nani amekuchorea?" Swali hilo lilikuharibu. Tangu siku hiyo hukuchora tena nyumbani. Ulikaa katika ukumbi wa kuchorea chuoni kule Nairobi, likizo baada ya likizo, ili kila mtu auone mkono wako ukifanya kazi. "Dada, nikichora pembeni watasema ni mwanaume amenichorea," uliniambia. Nami nikakuona jasiri.

Mama alipolazwa Kisumu nilienda posta kukupigia simu. Nikasema, njoo. Ukajibu, "Nikiondoka na mchoro nusu, watasema. Nipe wiki." Kila mlango wa wodi ulipofunguliwa, mama aliinua kichwa. Ulikuja kumzika. Katika mtihani ukaongoza tena, na safari hii hakuna aliyeuliza nani amekuchorea. Haya, hongera.

Nakuandikia kwa sababu ya binti yangu, Adhiambo. Yuko kidato cha nne, anataka kusomea kazi yako. Siku hizi Jumamosi harudi nyumbani mapema. Anabaki shuleni kuchora. Nikamuuliza kwa nini. "Mama, wavulana wanasema nanakili. Wacha waniangalie." Akinyi, ni sauti yako niliyoisikia. Nimembembeleza, nimefoka, wapi! Ananiona mshamba nisiyejua kalamu. Wewe atakusikiliza, maana picha yako ya mahafali ameibandika juu ya kitanda.

Njoo nyumbani, nyaminwa, mtoto wa mama yangu, umweleze kwa mdomo wako. Usipokuja, nitamweleza mimi jinsi mama alivyokufa akiangalia mlango, na sitakusitiri.

Ni mimi,
dada yako mkubwa.