Ukishuka Melini Uende Roma

Mjukuu wangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka Dira, Riyadh. Bibi yako mzima, na mimi bado natunga uzi bila miwani, watangazie huko Jeddah.

Umeniuliza, meli ya madam, mwajiri wako, ikifika Italia, siku yako ya kupumzika ufuate basi la watalii au uende Roma peke yako. Nenda peke yako. Nilipokuwa fundi cherehani melini, mwenzangu Omari alinipigia kelele: "Kichwa kigumu wewe, meli itakuacha!" Nikamjibu, "Itapata wapi fundi kama mimi?" Nikapanda treni na orodha ya mahali saba.

Pa kwanza palikuwa jengo la kale la duara. Paa lote halina nguzo, katikati tundu wazi, na mvua inashuka ndani taratibu. Nilitafuta mshono, sikuuona. Subhanallah! Nilitazama mpaka shingo ikauma, na adhuhuri ikapita.

Orodha nikaitupa, nikakimbilia treni, nayo ikachelewa. Nilifika ngazi ya meli inaanza kuinuliwa, nikairukia.

Basi, paspoti uishike wewe, si madam. Chagua mahali pamoja tu, urudi mapema. Omari alizungushwa kote kwa basi, na mpaka leo hajui kunisimulia hata mahali pamoja.

Babu yako