Mahari ya Friji Gadi

Mchumba wangu wa mara mbili,

Salamu zako nimezipata, na zirudi huko huko Tanga ulikojificha kwa shangazi yako mpaka aibu ipoe. Mie mzima. Mama mzima. Friji za watu Temeke na Kinondoni nazo nzima, zinagandisha, na naona hilo ndilo linalokuuma zaidi. Barua hii naiandika wazi, aisome anayetaka, maana uliyonitendea uliyatenda mbele za watu.

Unalikumbuka banda letu la Keko? Tulipanga kile kipembe nyuma ya mafundi seremala, vumbi la mbao likituingilia hadi kwenye disketi. Ilikuwa miaka ya mgawo wa umeme. Friji za nje zilikuwa zimeanza kuingia kwa wingi, mpya na mtumba, kila mwenye kibaraza kanunua yake auze barafu na samaki. Umeme ukikatika, ukirudi unarudi kwa kishindo na kuunguza mota. Wewe ndiye uliyesema, "Tutengeneze kitu kikae kati ya soketi na friji. Umeme ukirudi kisubiri kwanza, kiupime, ukitulia ndiyo kiruhusu." Tukakiita friji gadi. Wazo lilikuwa lako, na hilo sijawahi kukunyima.

Lakini kichwa cha kile kitu kilikuwa kazi ya nani? Ulileta bodi zenye prosesa ndogo, zimeng'olewa kwenye mashine za mtumba, memori finyu hata barua hii isingeenea. Programu tuliiandika kwa lugha ya C, na C haiendi bila maktaba yake, yaani ule mkusanyiko wa kazi ndogondogo zilizokwishaandikwa: kuhesabu, kuandika tarakimu kwenye kioo kidogo cha kifaa, kutunza vipimo. Maktaba ya kawaida ilikuwa kubwa mno kwa bodi zile. Mwalimu wetu wa chuo akatupa moja ndogo, iliyokusudiwa vifaa vya namna ile, lakini nayo ilitaka kupangwa. Uiambie prosesa ni ya aina gani, memori inaanzia wapi na inaishia wapi, kipi kiingie na kipi kitupwe. Ulijaribu asubuhi moja tu, ukaisukuma disketi kando. "Haya mambo ya kike, kama kuchambua mchele," ukasema. Nikacheka. Nilikuwa nakupenda, mjinga mie.

Basi nikachambua. Nikatoa mambo ya mafaili, bodi haina diski ya kuyaweka. Nikatoa hesabu za desimali, volti nikazihesabu kwa namba kamili. Nikitoa hiki, kile kinagoma kuunganika, narudi nyuma, naanza upya. Wiki zikapita hivyo. Siku programu ilipoenea na kioo kikaandika volti, ulinibeba juu juu mbele ya maseremala ukapiga kelele, "Jamani, huyu ndiye mke!" Tukala mihogo ya kukaanga palepale juu ya meza ya kazi, na pilipili ile mpaka leo naijua ladha yake. Nakwambia hivyo kwa sababu ni kweli, usije ukadhani nimelainika.

Mteja wetu wa kwanza akawa Mama Rukia, muuza samaki wa Kinondoni. Alipouliza fundi nani, ukajipiga kifua. Akanitazama mie. "Na huyu binti?"

Nawe, bila hata kumeza mate: "Huyu? Huyu ananisaidia kuchapa."

Kuchapa! Nilisimama pale na bisibisi mkononi, nikatabasamu kama zuzu. Nilidhani tukitoka utaniomba radhi. Hukuomba. Friji gadi zikaanza kununuliwa, ukahamia Kinondoni kwenye ofisi yenye kapeti, ukabandika jina lako kwenye kila boksi. Posa uliyokwisha kuileta nyumbani ukaivunja kwa kumtuma mjomba wako amwambie mama kwamba binti yake ana kiburi. Mama alilia mbele ya mgeni. Hapo ndipo nilipoanza kukuchukia, na nilikuchukia vizuri, kwa utulivu, huku nakula na kulala.

Sikukufanyia kitu. Ulijifanyia mwenyewe. Bodi za mwanzo zilipoisha ukanunua nyingine, prosesa ile ile, memori nusu ya zile. Mtu anayeijua ile kazi angerudi kwenye maktaba akabadilisha mahali memori inapoishia. Wewe ulinakili mpangilio wangu kama ulivyo, kwa sababu hukuwahi kuufungua ukausoma. Programu ikawa inaandika vipimo vyake, inavuka mpaka bila kujua kuna mpaka, inarudi mwanzo na kuandika juu ya kazi yake yenyewe. Siku kadhaa mambo shwari, halafu kioo kinakwama, friji imezimwa na haiwaki tena. Samaki wa watu wakaoza. Loh, Kinondoni ilinuka!

Ndipo ukanikumbuka. Mjomba wako akaja tena kwetu Temeke, kanzu imenyooshwa pasi, na posa ya pili. Mama alitaka kummwagia maji. Mie nikamkaribisha, nikampa kahawa na kashata. Nilijua hunitaki mie, unautaka mkono wangu kwenye ule mpangilio. Akauliza, kama desturi ilivyo, binti anataka mahari gani. Na kwetu mahari huitaja bibi harusi mwenyewe.

Nikasema, "Sitaki pesa, sitaki dhahabu. Azunguke kwa kila aliyemuuzia friji gadi, aseme mbele ya watu ile kazi kaifanya nani. Na wewe mjomba uwe shahidi."

Mzee akakohoa. "Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Ukakubali! Uliona rahisi. Kila mlikokwenda nilikuwa nyuma yenu, na mkoba wa chipu zenye programu niliyoipanga upya. Kwa Mama Rukia uliongea ukitazama viatu. "Sema kwa sauti, baba, feni inapiga kelele," akakwambia. Ukarudia. Akakuangalia weee, kisha akamgeukia mjomba wako. "Na samaki wangu kawaozesha nani, huyu dada?"

Ukasema, "Mimi."

Wauza genge waliacha mizani zao waje wasikie. Nikafungua boksi, nikabadilisha chipu, nikabandua jina lako kwa kucha. Wallahi sijawahi kusikia raha ile. Nilirudi nyumbani nikala ubwabwa mpaka mama akauliza kuna nini.

Mzunguko mzima uliumaliza, Kinondoni mpaka Temeke. Sikukudhania kama utaweza. Kuna mahali, kwa muuza maziwa mmoja, ulianza kusema kabla hujaulizwa, nikakaribia kukuonea huruma. Nikakumbuka machozi ya mama, huruma ikapita.

Juzi mjomba wako kaja kuuliza siku ya ndoa. Nimemwambia, "Simtaki mpwa wako." Kikombe kikamponyoka. "Binti, mahari kashalipa!"

Kweli umelipa, yote, na mashahidi wapo. Desturi naijua pia: binti akikataa kabla ya ndoa, mahari ya watu hurudishwa. Sitaki uende kwa kadhi useme nimekudhulumu. Mahari yako ipo. Ipo kwa Mama Rukia, ipo kwa muuza maziwa, ipo kwenye kila kibaraza uliposimama ukasema. Njoo uichukue.

Mie,
asiyekuwa mkeo.