Weupe Mdomoni

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Ulimi umekuwa mweupe, kama nimeramba unga. Nimekwangua na kijiko — damu! Obusuma, ugali wetu, haipiti kooni. Nimemwambia mke wangu Nasambu nimeshiba. Ameangalia sahani, ameniangalia mimi. Miaka sabini na nane, na Musanda nzima hakuna wa rika langu anakatanga miwa bado. Mimi nakata. Ulimi ni nini?

Jumatano, 5 Novemba
Weupe umefika mashavuni. Ndugu yangu Cleophas alianza hivi hivi, mwaka wa tisini na saba. Weupe, kukonda, kaburi. Watu hawakutaja ugonjwa. Walisema tu "ile kitu".
Leo nimetoboa mshipi tundu lingine. Suruali inashuka.

Ijumaa, 7 Novemba
Zahanati, peke yangu. Nasambu anajua nimeenda kuuliza mbegu. Daktari ni msichana, Immaculate, angekuwa mjukuu wangu. Amenimulika mdomo. Hii ni fangasi, kuka, amesema, kama ananiita babu yake. Kila mtu anayo, inangojanga tu. Lakini kinga yako imeshuka.
Kinga! Neno la mabango ya wakati wa Cleophas. Aliendelea kuongea, kitu cha miaka, sikusikia tena. Amenipa dawa ya matone na karatasi ya kupimwa damu. Nimetoka mbio. Kupimwa? Mimi?
Najua ilitoka wapi. Yule mama wa chai pale kiwanda cha sukari, nilipokuwa kibarua. Nililala naye. Zamani sana. Nasambu hajui.

Jumapili, 9 Novemba
Kanisa sijaenda. Dawa sijafungua — matone yatafanya nini kwa ile kitu? Nimetenga kikombe changu. Nasambu ameuliza, kikombe kimekukosea nini, baba? Kumeza mate ni kumeza miiba. Na kama nimempa yeye pia? Mungu wangu.

Jumanne, 11 Novemba
Nimemwambia. Asubuhi, akipepeta maharagwe. Mama wa chai, yote. Hakulia. Aliweka ungo chini, akavaa viatu, akasema twende.
Tumepimwa virusi wote wawili. Hakuna! Mimi sina, yeye hana. Immaculate ameshangaa: kuka, nilikwambia ni uzee. Shina la muwa likikatwa mara nyingi, ugonjwa unalishika haraka kuliko miwa michanga. Mwili nao hivyo. Nikasema mimi sijazeeka! Nasambu akasema, fungua mdomo.
Nimefungua. Msichana amemulika tena, akauliza: Matone ulitumia? Nimetoa chupa mfukoni, kifuniko bado kimefungwa. Amesema imeshuka kooni, nikichelewa tena itanishinda, mwili wangu haupigani peke yake sasa. Ameandika barua, twende hospitali kubwa Kakamega leo hii.
Tuko kwa benchi, tunangoja gari. Naandika nisimtazame Nasambu. Tangu asubuhi ameniuliza swali moja tu, sasa hivi, pole pole kama anauliza bei ya chumvi:
Huyo mama, alikuwa na watoto?