Sale la Basili

Kirua Vunjo, 9 Agosti 1993

Dada Justina,

Shikamoo. Ng'ombe wako amezaa jike. Mama anakunywa mtori vizuri.

Unanijua, nikikosewa sisahau. Tangu kaka Basili ang'oe kahawa yangu ya mpakani apande nyanya, nilikuwa namngojea. Jumapili nikamwona anaingia kihambani kwangu, kwenye migomba, na panga. Sikumwuliza kitu. Nilimpiga jembe la kichwa, akaanguka. Nikampiga tena akiwa chini.

Mama alipomgeuza, mkono wa pili ulikuwa umeshika jani la sale. Alilikata kwa panga lile, aje nalo kuniomba msamaha kama desturi yetu. Mimi niliona panga tu.

Yupo hospitali. Leo nimempelekea sale langu. Vidole vyake haviwezi kulishika.

Mdogo wako,
Tito