Niliposema Wameshaadhini

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nikianza bila ya shikamoo nitaona umeninunia.

Nna jambo nimelikalia tangu Ramadhani, na leo nalitoa lote. Zile siku zako nne za mwisho hukufunga mpaka magharibi. Mie ndiye niliyekuvunjia saumu.

Unakumbuka daktari aliposema saratani imeshafika mifupani, dawa ya maumivu unywe kila baada ya saa nne. Mchana ukaikataa. Sheikh wa msikitini akaja akakwambia mgonjwa ana ruhusa, ukamjibu, "Ruhusa naijua. Nataka nikutane na Mola wangu nimefunga. Msinichagulie." Akili zako zilikuwa timamu, Mama. Hilo ndilo linalonikeketa.

Lakini ikifika saa tisa ulikuwa ukiiuma kanga usisikike, na mie nimekaa na chupa ya dawa mkononi. Nikashindwa. Masikio yako yalishakuwa mazito, na macho yalishaingia kiza. Nikafunga dirisha, nikakwambia, "Wameshaadhini, Mama." Nikakutia tende mdomoni. Ukaisoma dua ya kufuturu taratibu mpaka mwisho, na mie nikaitikia amin. Ukanywa dawa, ukalala. Kesho yake nikarudia, na kesho kutwa.

Siku ya nne ukanishika mkono. "Mungu akulipe, mwanangu. Wenzako wangeninywesha kwa nguvu." Alfajiri ukafa.

Sheikh anasema huna deni lolote la saumu. Sawa, lakini niliyemdanganya si sheikh.

Sasa ni Baba. Figo zimechoka, na ameshasema hataki mashine ya kusafisha damu, anataka afe kitandani kwake hapa Mpendae. Jana Kaka Suleiman kanambia tumwambie tunampeleka Jambiani kwa shangazi, kumbe tunamshusha hospitali. "Wewe ndiye anayekuamini," kanambia. Nikamwambia hapana, na nikamweleza nilivyokufanyia wewe. Akatoka bila ya kuaga, na simu zangu hapokei.

Alasiri hii nakwenda kukaa na Baba nimwambie kila kitu, alichosema daktari na anachotaka Kaka, kisha aamue mwenyewe. Naogopa, Mama. Nikimwona anaumia sijui nitafanya nini. Lakini nakuahidi, nitakalomfanyia atalijua kabla sijamgusa.

Kwaheri, Mama. Niwie radhi.

Mwanao,
Zuhura