Miwani ya Baba ya Kuvukia Ziwa

Nyumbani,
9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti lako linasemaje? Ulipoandika mara ya mwisho ulikuwa unashuka ngazi kinyumenyume, nami nikacheka peke yangu kisha nikaona haya. Natumaini sasa unashuka kama watu wengine. Sisi huku ni wazima. Mama anakusalimu, ingawa wiki hii amesalimiana na watu wachache sana.

Najua simu yake ilikutoa roho. Alikwambia, "Kaka yako ameingia ziwani na jicho lake," halafu simu ikakatika. Tulia, Baba ni mzima. Lakini kaa kitako nikueleze yote, maana mimi nilikuwepo.

Unajua kwamba tangu cheche ya chuma ilipomharibia jicho la kushoto kule karakana, la kulia ndilo linalofanya kazi ya mawili. Mwaka jana hilo nalo likafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Lilipopona, daktari wa macho alimruhusu kuogelea kwa masharti: maji yasiingie, wala kitu kisilikandamize. Baba akasikia "kuogelea" tu, mengine yakapitia sikio la pili. Akajiandikisha na wenzake kuvuka ziwa, ng'ambo hadi ng'ambo.

Tukaenda kutafuta miwani ya kuogelea. Muuzaji akatoa vijimiwani kama vifuniko vya chupa, akasema ndivyo wanavyovaa washindani. Baba akavaa, akakaza mkanda mpaka mashavu yakapanda. Alipovua, duara jekundu limelizunguka jicho lile lile tunalolilinda. Akasema, "Hii hii. Haivuji."

Nikakataa. Tukagombana mbele ya wateja.

"Mwenye jicho ni mimi," akasema.

"Na mwenye baba ni mimi."

Muuzaji, nadhani kwa kuogopa tusije tukapigana, akaleta nyingine, pana, yenye mpira laini unaokaa kwenye mfupa badala ya kulibana jicho. Akatuonyesha namna ya kuijaribu: iweke usoni bila mkanda, bonyeza kidogo, achia. Ikishika yenyewe inakufaa. Isiposhika, hata ukaze mkanda vipi, utaumia bure na maji yataingia. Kulia ikashika. Kushoto ikaachia, kwa sababu pale uso wa Baba umebonyea tangu ajali.

Mimi nilishakata tamaa. Baba akacheka. "Huko acha maji yaingie, hakuna mwenyewe nyumbani." Kumbe ndiyo dawa yenyewe! Mradi vioo viwili vimetengana, maji ya kushoto hayahamii kulia. Tukachukua yenye vioo vya giza kidogo, jua lisimchome.

Mama alikataa kuja siku ya kuvuka. Alikuwa anakunja nguo tulipoaga, akaendelea kukunja.

Nilipanda mashua ya kuwafuata waogeleaji pamoja na mwokoaji, mama mmoja mkimya mwenye mabega ya kubeba mlango. Upepo ulikuwa umeamka kabla yetu. Mwanzoni Baba alikwenda vizuri, nami nikaanza hata kupumua. Tulipofika katikati, pale ambapo kingo zote mbili zinaonekana mbali sawasawa, mwenzake mmoja akapotea njia, akamkata mbele na kumpiga kiwiko usoni. Miwani ikapanda kwenye paji la uso.

Baba akasimama majini, jicho amelifumba. Akaishusha, akabonyeza, maji yakaingia. Akaimwaga, akabonyeza tena. Haikushika. Na mawimbi yanampiga usoni.

"Nimtoe?" mwokoaji akaniuliza.

Kumtoa ni kumwokolea jicho na kumvunja moyo. Kumwacha ni kinyume chake. Nikasema, "Subiri kidogo," na mpaka leo sijui neno hilo lilitoka kwenye busara au kwenye woga. Kisha nikaona: ukingo wa kofia yake ya kuogelea ulikuwa umeteleza ukaingia chini ya mpira wa miwani. Ndiyo maana haishiki!

"Baba, kofia! Pandisha kofia!"

Kwa kuwa alikuwa amefumba jicho, akageukia upande usio na mtu. Nikainama nje ya mashua nikaita tena, mwokoaji amenishika gauni kwa nyuma, mpaka sauti ikanikauka. Mwishowe akapeleka vidole kwenye paji la uso, akaivuta kofia juu, akabonyeza. Ikashika. Akafumbua jicho, akanitazama mara moja tu, akalaza uso majini akaendelea.

Alifika akiwa wa nyuma kabisa, jicho jekundu kama nyanya. Nilimshika mkono mpaka kwenye gari.

Asubuhi tukaenda naye kliniki sote watatu. Daktari alilimulika jicho, akalimulika tena. Mama alikuwa ameushika mkoba wake kama anayeogopa kuibiwa. Hatimaye daktari akasema halijadhurika, ni kuwashwa na maji tu; tone la dawa, apumzike, wekundu utakwisha.

Tukatoka. Pale mlangoni Mama akafungua mdomo kwa mara ya kwanza.

"Utarudi tena ziwani?"

"Nikiruhusiwa," Baba akasema, akitazama viatu vyake.

"Basi kwenye mashua nitakaa mimi. Huyu binti yako hana sauti."

Nisalimie mumeo, Mwalimu, na binamu zangu wote, hasa yule mdogo tunayemwita Kibogoyo. Mungu akulainishie goti na kila ngazi iliyo mbele yako, na akulaze usingizi mtamu usiku wa leo.

Ni mimi nikupendaye bila kupunguza,
Binti wa kaka yako.